Kimo cha Usukani

Shingo yangu ilianza kuikataa baiskeli kabla ya miguu. Nilikuwa nimevuka miaka hamsini, na baiskeli yangu ya resi, niliyoinunua Dar es Salaam kwa wauza baiskeli za mtumba na kuipakia kwenye treni ya Reli ya Kati hadi Tabora, iliundwa kwa ajili ya kijana anayeweza kuulalia usukani kutwa nzima. Nikienda Sikonge, kama kilomita 70 kusini mwa mji, nilikuwa nafika shingo imekakamaa kiasi cha kushindwa kugeuka kutazama lori linalonijia nyuma. Kwenye lami ile iliyonyooka, ambako malori na mabasi ya Mpanda hayapunguzi mwendo kwa sababu ya baiskeli, mtu asiyeweza kugeuza shingo amejiweka kwenye hatari kubwa kuliko uchovu. Mtaalamu wa viungo aliyenipima alinipa ushauri mfupi: usukani upande juu.

Ushauri ulikuwa sahihi, na nauheshimu hadi leo. Mwili una haki yake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na vijana wetu walioshinda wakiyatazama kwenye simu waliinuka wakitaka kushusha usukani hadi magotini ili wafanane na wale waliowaona. Nawaelewa. Lakini wale wanalipwa kuinama, wana mgongo uliofundishwa kuinama tangu utoto, na gari la timu linawafuata nyuma. Mtu anayekwenda Urambo kumsalimia dada yake na kurudi jioni anahitaji kimo kinachomwezesha kupumua, kutazama na kufunga breki bila maumivu. Basi suala la kama usukani uinuliwe halinisumbui. Linalonishughulisha ni kimo hicho kitoke wapi.

Baiskeli za resi za siku hizi haziinuliwi kama zile tulizokulia nazo. Phoenix au Swala ina shina la chuma linalozama ndani ya bomba la foku. Unalegeza bolti ya juu, unaigonga kwa nyundo, kabari iliyo ndani inaachia, unavuta usukani hadi unapotaka, unakaza. Alama iliyochorwa kwenye shina inakuonyesha mwisho wa kuvuta, na mwenye busara haivuki, kwa sababu kabari ikipanda hadi sehemu ya bomba iliyochongwa nyuzi za skrubu, inabana mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko kwingine kote.

Ya resi haina shina hilo. Bomba la foku lenyewe linapenya shingo ya fremu na kutokeza juu, na kile kipande kinachoshika usukani, mafundi wanakiita stemu, kinalikumbatia bomba kwa nje kwa bolti mbili. Mpangilio huu ulienea tangu miaka ya 1990 na umeshinda kwa sababu ni mwepesi na imara. Gharama yake ni kwamba kimo cha usukani kinategemea bomba limeachwa refu kiasi gani. Nafasi iliyo kati ya beringi ya juu na stemu hujazwa pete. Mwenye baiskeli yangu wa kwanza alikuwa hajalikata bomba lake, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya milimita 60, na pete za kuijaza nilipewa dukani zikiwa kwenye mfuko. Zote zikawekwa chini ya stemu. Shingo ikapona.

Kilichofuata kilikuwa kingine. Nikisimama kwenye pedali kupanda mwinuko, mkono wa kulia ukivuta na mguu wa kulia ukikanyaga, niliiona stemu ikiegemea upande halafu ikirudi. Nikibana breki ya mbele kwa nguvu, usukani ulisogea mbele kidogo kisha ukanirudia mikononi na mtetemo. Nje ya lami, kwenye njia ya changarawe ya kwenda Kwihara yenye vituta vidogo vinavyofuatana, ilinibidi nipunguze mwendo mahali ambapo zamani nilipita bila kufikiri. Usukani ulikuwa umepanda, na ulikuwa unanepa.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi wa baiskeli, mwenye benchi lake chini ya mwembe karibu na soko la Tabora, mtu aliyekuwa akitengeneza baiskeli za asali tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Aliitikia huku tayari ameshika gurudumu la mbele kati ya magoti na kuusukuma usukani huku na huku.

"Usukani haukai hewani, mwanangu," alisema. "Hapa chini yake kuna nini?"

"Pete, baba."

"Pete zinajaza nafasi. Nauliza kinachoushika."

Hakungoja jibu. Alinipeleka kwenye baiskeli iliyoegemezwa kwenye shina la mwembe, ya kijana wa Sikonge anayeleta asali mjini, akaniambia niitazame kuanzia chini. Kwenye ekseli ya mbele palifungwa vyuma viwili, kimoja kila upande, vikipanda mbele ya foku hadi karibu na usukani. Juu ya fremu mzee alikuwa ameunganisha bomba la pili sambamba na lile la kiwandani. Keria ilikuwa na miguu minne mahali pa miwili. Usukani wa baiskeli ile ulikuwa juu kuliko wangu kwa mbali, na nilipousukuma haukutikisika. Vile vyuma viwili vilifanya pembetatu na foku. Nguvu iliyotoka mkononi ilishuka moja kwa moja hadi ekseli, bila kulazimisha bomba moja jembamba lijikunje peke yake.

Wenye haraka huiona kazi ya namna hii kuwa ni kuungaunga tu. Naiona kuwa uhandisi, tena uhandisi uliopimwa na mizigo halisi. Asali ni nzito kuliko maji. Dumu la lita 20 lina kama kilo 28. Baiskeli inayotoka porini na madumu matatu inabeba kilo zaidi ya 80, mbali na mwenyewe. Katika karne ya 19 mpagazi wa msafara alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32. Kwa hiyo kijana mmoja wa Sikonge, kwenye mchanga uleule wa miombo, anasukuma mzigo wa wapagazi wawili na zaidi.

Nawataja wapagazi kwa sababu mji huu ni wao. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, kila kilichoingia na kutoka Unyanyembe, kama nchi hii ilivyoitwa, kilipita kwenye bega la mtu: pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, vitambaa, shanga na waya wa shaba kuja bara, na kutoka hapa kuendelea Ujiji. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waanze safari pwani. Burton aliandika kwa makini jinsi mizigo ilivyofungwa. Vitambaa vilikunjwa na kukazwa hadi vikawa mto mrefu mgumu, kisha vikafungiwa fito kandokando ili mzigo usijikunje begani. Ncha za fito ziliachwa zitokeze chini, mpagazi akipumzika auegemeze mzigo kwenye mti bila kuushusha hadi ardhini na bila kuhitaji mtu wa kumtwisha tena.

Nilikuwa nimesoma habari hiyo zamani na kuipita. Nilipotoka kwa mzee fundi niliirudia, na safari hii niliona hesabu iliyokuwa ndani yake. Fito nazo zina uzito. Mtu anayetembea miezi minne na kilo 32 begani haongezi hata kijiti bila sababu, na bado waliziongeza. Walijua kwamba mzigo unaonepa humchosha mbebaji kuliko mzigo mzito kidogo ulionyooka, kwa kuwa kila hatua mwili unalazimika kuusubiri utulie. Walijua pia mahali pa kuziweka: kandokando, kwa urefu wote, zimekazwa na kamba. Na mzigo usiogawanyika, uliobebwa na watu wawili kwenye mti kwa mtindo wa mzegazega, mti wake ukiwa mrefu mno hupanda na kushuka kinyume cha hatua zao, ukiwasumbua wote wawili. Bomba langu la foku lilikuwa mti huo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sehemu ya bomba iliyo juu ya beringi ya juu ni boriti iliyoshikwa upande mmoja tu. Ukiisukuma ncha, kunepa kwake hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Zidisha urefu mara mbili, kunepa kunazidi mara nane. Zidisha mara tatu, kunazidi mara 27. Unene nao una nguvu kubwa: bomba pana kidogo hukataa kupinda zaidi kuliko jembamba lenye uzito uleule. Ndiyo maana mabomba ya foku yalitoka milimita 25.4 yakaenda 28.6, na baadaye yakapanuliwa upande wa chini hadi milimita 38. Lakini hapa pana jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: upana wa chini umo ndani ya fremu. Kipande kinachotokeza juu, palepale tunaporundika pete, kwa kawaida kimebaki na milimita 28.6 zilezile.

Malighafi inahesabika pia. Kwa kipimo kimoja cha bomba, chuma kinakataa kunepa karibu mara tatu ya alumini. Kaboni haina jibu moja, maana inategemea nyuzi zake zimelazwa vipi. Foku yangu ilikuwa na miguu ya kaboni na bomba la alumini, jambo la kawaida kwa baiskeli nyingi za resi.

Nisiifanye hesabu kubwa kuliko ilivyo. Mkono hausikii bomba peke yake. Usukani wenyewe unanepa, hasa ule mwembamba wa alumini, stemu inajinyonga, miguu ya foku inarudi nyuma wakati wa breki, hata upepo mchache kwenye tairi unaweza kukudanganya. Ndiyo maana mzee fundi alitumia muda mrefu kuuliza kabla ya kutengeneza. Kwanza alitafuta ulegevu, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa. Alibana breki ya mbele, akaweka kidole pale shingo ya fremu inapokutana na kikombe cha beringi, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Kikombe kikigonga kidole, beringi imelegea. Akageuza gurudumu kukaa kando, akarudia, kwa sababu breki zenyewe huweza kucheza na kukupa jibu la uongo. Beringi ya juu ilikuwa imekaza. Kisha alibana gurudumu kati ya magoti na kunyonga usukani, kuona kama stemu inateleza kwenye bomba. Haikuteleza. Akaniambia niukalie usukani kwa kifua, yeye akichungulia kwa ubavu akiwa amelinganisha jicho na ukuta wa duka lililokuwa nyuma. Bomba lilipinda juu ya beringi; aliliona, na nilipochukua nafasi yake nikaliona.

Hili la kutenganisha magonjwa limenikaa. Nimeona vijana wengi wakiongeza nguvu kwenye bolti kila usukani ukitikisika. Bolti ya stemu ya resi mara nyingi inataka nyutoni-mita 5 tu, na namba hiyo imechapwa kwenye stemu yenyewe. Anayekaza kupita hapo kwa spana ndefu anaminya bomba, haliongezei nguvu. Tena mpangilio una utaratibu wake: kifuniko cha juu kinakazwa kwanza, kidogo tu, ili kuvuta pete na beringi zikae pamoja, halafu ndipo stemu inafungwa. Ukianza na stemu, kifuniko hakina cha kuvuta.

Baada ya kujua kinachonepa, dawa inatafutwa kwa kuuliza swali la mzee: kimo hiki kinaweza kushikwa na nini zaidi ya urefu wa bomba? Jibu la kwanza lilikuwa kwenye stemu. Stemu yangu ilikuwa ya milimita 110 iliyoinama nyuzi 6. Stemu nyingi za namna hiyo zinaweza kugeuzwa chini juu, na kwa shingo ya fremu ya nyuzi 73, kuigeuza tu kunapandisha usukani kama milimita 22 bila pete hata moja. Stemu ni bomba nene na fupi, imetengenezwa kwa ajili ya kunyongwa. Kimo kinachotoka kwake kina gharama ndogo sana ya kunepa. Nilikwenda mbali zaidi. Niliagiza Dar es Salaam stemu ya milimita 100 yenye mwinuko wa nyuzi 17. Hiyo peke yake ilinipa milimita 35 juu ya ile ya zamani. Kwa kimo kilekile ambacho shingo yangu ilikuwa imekizoea, pete zilishuka kutoka milimita 60 hadi 25. Chukua uwiano huo, uupandishe kwenye kipeo cha tatu: kipande kilichokuwa kikinepa kikawa kigumu karibu mara 14.

Kulikuwa na faida ya pili, na kwa mwili wangu labda ilikuwa kubwa zaidi. Stemu fupi iliyoinuka iliuleta usukani karibu, kama milimita 15 baada ya kuhesabu kila kitu. Mara nyingi mtu anayelalamika kwamba usukani uko chini, kwa kweli uko mbali. Mikono ikinyooka mno, mabega hupanda masikioni, na shingo ndiyo inayolipa. Ningeshauri kila mtu apime umbali kabla ya kimo.

Pete nazo tulizibadilisha. Nilikuwa na nyingi nyembamba, zenye kuta dhaifu, moja imeliwa ukingo. Mzee alizikataa zote. Pete zilizobanwa vizuri kati ya beringi na stemu si za kujaza nafasi tu. Bomba likitaka kupinda, upande mmoja wa pete unabanwa zaidi na kulikatalia, alimradi nyuso zake ziwe bapa na zigusane kote. Pete moja ndefu yenye ukuta mpana inafanya kazi hiyo vizuri kuliko rundo la nyembamba, kwa sababu kila kiungo kati ya pete na pete ni mahali pa kuachia. Mwenye mashine ya kuchonga vyuma alituchongea ya milimita 20 kutoka kwenye alumini nene, tukaongeza ya milimita 5. Hapa ndipo nilipomwelewa mzee vizuri. Hakuzidharau pete, alizitaka nazo zishike.

Kuna kifaa ambacho nisingemshauri mtu wa resi akinunue: kirefusho kinachofungwa juu ya bomba lililokwisha kukatwa fupi ili kuliongezea urefu. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni polepole, mtu akiwa ameketi wima, kinafaa. Kwa baiskeli inayosimamiwa kwenye mwinuko na kufungiwa breki kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kinaongeza urefu na kiungo kwa pamoja.

Kwa nini nisumbuke hivi kwa ajili ya milimita chache? Kwa sababu alumini haisahau. Chuma kikipindwa kidogo chini ya kiwango fulani kinaweza kuvumilia miaka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho cha usalama, kila mkunjo unaandikwa, na ufa huanza pale mkazo unapokusanyika, ukingoni mwa stemu au kwenye beringi. Aprili 2006, katika mashindano ya Paris–Roubaix yanayopita juu ya barabara za mawe, Mmarekani George Hincapie alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda. Alikuwa ameanguka mapema siku hiyo. Baadaye, kwenye mawe, bomba la alumini la foku yake likakatika, usukani ukabaki mikononi haujaunganishwa na chochote, akaanguka na kuumia bega. Huyo alikuwa na mafundi bora duniani. Barabara ya Kwihara haina mawe ya Roubaix, lakini ina mawimbi yake, na mimi sina mafundi wanaofungua foku yangu kila jioni. Tangu nisome habari hiyo, nikianguka hata kidogo nafungua stemu, nafuta bomba kwa kitambaa na kulitazama mwangani pande zote.

Wenye bomba la kaboni wana masharti makali zaidi, na wayafuate. Watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha pete chini ya stemu, mara nyingi milimita 30 au 40, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye karatasi ambayo wauza mtumba huitupa. Ndani ya bomba lazima pawe na kizibo cha kutanuka kinachokaa palepale stemu inapobana, ili mbano usiponde kuta. Hakipunguzi kunepa kwa kiasi kikubwa, ila kinalinda uhai. Nati ya nyota inayogongwa ndani ya bomba la chuma au alumini haigongwi kamwe ndani ya kaboni. Makucha yake yanachana nyuzi.

Binti mmoja anayesomea uuguzi alinijia na baiskeli ya namna hiyo, kaboni hadi juu. "Mjomba," aliniambia, "naomba niongezee pete. Mikono inakufa ganzi nikifika Isikizya." Pete zake zilikuwa zimefika kikomo tayari. Nilimwomba apande, nikamtazama kwa ubavu. Pua ya kiti ilikuwa imeinamishwa chini, kwa hiyo mwili wote ulikuwa unateremka kuelekea mikononi, na mikono ilifanya kazi ya kumzuia asianguke mbele. Tulikilaza kiti sawasawa, tukakisogeza mbele kidogo kwa vipimo vya magoti yake, tukampa stemu fupi yenye mwinuko. Pete hatukugusa. Alirudi baada ya muda kuniambia ganzi imepungua, lakini bado anatamani usukani juu zaidi. Nilimwambia ukweli nilioamini: fremu ile ni fupi shingoni kwa mwili wake, na fedha ambayo angeitumia kwenye virefusho na usukani wa ajabu aiweke akiba ya fremu yenye shingo ndefu. Kimo kinachotoka kwenye fremu kimeshikwa na beringi mbili zilizo mbali mbali, na hakuna pete inayoweza kushindana nacho. Hakufurahi siku ile. Bado anaipanda ileile, na anaweka akiba.

Yangu mimi ilibaki na bomba refu likitokeza juu ya stemu kwa muda. Mzee alikataa kulikata upesi. Alijaza zile pete za zamani juu ya stemu, sasa zikiwa hazibebi kitu, akaniambia nipande masika na kiangazi, niende Sikonge na Urambo, na kama mwili utabadili nia kuhusu kimo, tutakuwa na pa kurudi. Mwili haukubadili nia. Kwenye mwinuko stemu ilikaa ilipo. Nilipofunga breki ya mbele, nilisikia tairi na barabara, na si mtikisiko wa katikati. Vidole viliacha kufa ganzi kwenye changarawe, ingawa sehemu ya sifa hiyo nazipa tairi pana nilizofunga mwaka uleule.

Nikampelekea tulikate. Alizungushia bomba kipande cha bomba jingine kama mwongozo wa msumeno, akapima ili pete moja ya milimita 5 ibaki juu ya stemu, stemu ishike bomba kwa urefu wake wote, na bomba liishie milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa pete hiyo ili kifuniko kipate cha kuvuta. Msumeno wenye meno madogo ulipita taratibu. Alisugua ukingo kwa tupa, ndani na nje, akapitisha kidole kuhakikisha hakuna kilichobaki cha kukwaruza. Kile kipande kilichokatwa alikichungulia, akanionyesha unene wa ukuta wake, unaozidi kidogo milimita mbili, akakitia kwenye kopo la vyuma chakavu. Kisha akainua gurudumu la mbele, akauzungusha usukani polepole akisikiliza, na kuniuliza kama nimebakiza hela ya beringi ya chini, maana gololi zake zimekwisha.